Mtoto Naye Amefiwa: Somo kwa Wazazi, Walezi na Walimu

Mtu anapofariki katika vijiji na mitaa yetu, kazi hugawanywa haraka. Kuna wa kwenda mochari, wa kutafuta kibali cha mazishi, wa kukodi hema na viti, wa kushika daftari la michango, na wa kuandika wasifu wa marehemu. Hata sufuria za kupikia waombolezaji huwa na msimamizi. Kazi moja hukosa mwenyewe: kukaa na watoto wa marehemu na kuwaambia kilichotokea. Watoto hupelekwa kwa jirani, wakapewa chai na mkate, wakaambiwa wakacheze.

Somo la toleo hili linahusu kazi hiyo. Limeandikwa kwa mzazi au mlezi wa mtoto aliyefiwa, na pia kwa yule ambaye mtoto wake anaugua kwa muda mrefu au anaishi na mgonjwa nyumbani. Linamhusu vilevile mwalimu wa darasa na mhamasishaji wa afya ya jamii, kwa kuwa mara nyingi hao ndio wanaomwona mtoto baada ya waombolezaji kurudi makwao. Unaweza kulisoma peke yako, au mkalisoma katika chama au mkutano wa wazazi shuleni. Maswali machache ya kujadili yamewekwa mwishoni.

Maneno tunayofichia kifo

Kiswahili kina adabu nyingi mbele ya kifo. Huwa tunasema mtu ametuacha, ametangulia, amelala, ametutoka, Mungu amemchukua. Kati ya watu wazima maneno haya yanafaa, kwa sababu kila mmoja anajua maana yake. Mtoto wa miaka minne hajui. Akiambiwa baba amelala, atangoja aamke, na huenda akaanza kuogopa kulala yeye mwenyewe. Akiambiwa mama amesafiri, atauliza anarudi lini, na siku zikipita bila hata simu ataamini kwamba ametupwa. Akiambiwa Mungu alimpenda baba sana ndipo akamchukua, anaweza kumkasirikia Mungu huyo, au kuogopa kupendwa naye.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha uchunguzi alioufanya kuhusu jinsi watoto wa Hungaria walivyokielewa kifo. Wale wadogo kabisa walikiona kama safari, au kama usingizi ambao mtu anaweza kuamka. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba watoto wengi huanza kuelewa kati ya umri wa miaka mitano na saba kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake hauhisi tena chochote, na kwamba kila kiumbe hufa. Tazama basi jambo hili. Safari na usingizi ndiyo makosa ambayo mtoto mdogo tayari anayo kichwani, na sisi watu wazima, kwa nia njema kabisa, tunakuja kumthibitishia kwamba yuko sahihi.

Anachohitaji ni sentensi fupi zilizo wazi, kutoka kwa mtu anayemwamini. Kwa mfano: "Nina habari ya kuhuzunisha sana. Baba amekufa leo asubuhi hospitalini. Ugonjwa wake ulikuwa mkali, madaktari walijaribu, lakini mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui tena, hasikii maumivu, na hatarudi nyumbani. Mimi niko hapa na wewe."

Neno "amekufa" huwa gumu kutamka. Mlezi akilitamka huku analia, si vibaya. Mtoto anajifunza kwamba kulia kunaruhusiwa. Familia yenye imani haikatazwi kutaja mbinguni au ahera, na watoto wengi hufarijika kweli kwa hilo. Shauri letu ni kwamba mtoto aambiwe kwanza kuwa mtu amekufa, ndipo aambiwe familia inaamini nini kuhusu baada ya kifo.

Mazungumzo haya huchukua dakika tano hivi, kisha mtoto anaweza kuuliza kama anaweza kwenda kucheza. Mwache aende. Jamaa wengine hukasirika wakimwona anaruka kamba siku ya msiba, wakasema "huyu hajaelewa" au "hana uchungu." Anao. Mtoto hawezi kubeba huzuni mfululizo kama mtu mzima. Huichukua kidogo, akaitua, akaenda kucheza, kisha akairudia usiku au wiki tatu baadaye. Atauliza swali lile lile mara nyingi. Jibu lako lisibadilike.

Maswali matatu asiyoyauliza

Nyuma ya maswali anayouliza kuna mengine matatu ambayo watoto wengi huyanyamazia. Mlezi asiyangoje yaulizwe.

La kwanza: je, ni mimi niliyesababisha? Mtoto mdogo anaamini kwamba mawazo na maneno yake yana nguvu ya kufanya mambo yatokee. Aligombana na kaka yake asubuhi, akamwambia "potelea mbali," na jioni kaka akagongwa na bodaboda. Alikataa kumpelekea nyanya maji, na nyanya akafa usiku. Hata kijana wa sekondari anaweza kujilaumu kwamba hakuomba vya kutosha, au kwamba karo yake ndiyo iliyomaliza pesa za matibabu. Basi mwambie bila kungoja: "Hakuna ulichosema, ulichofanya wala ulichofikiri kilichomfanya afe." Mwambie tena baada ya mwezi.

La pili: je, nitakufa na mimi, au wewe? Usiahidi kwamba hutakufa kamwe, maana mtoto aliyefiwa sasa anajua hiyo si ahadi ya mtu kutoa. Unaweza kusema: "Watu wengi huishi mpaka uzeeni. Mimi niko mzima, ninajitunza, na ninatarajia kuwa nawe kwa muda mrefu." Kama mzazi alikufa kwa saratani au kwa ugonjwa wa figo, mwambie mtoto kwamba hakuambukizwa kwa kula naye sahani moja wala kulala kando yake.

La tatu ndilo linalowanyima usingizi: nani atanitunza? Hapa watu wazima hukosea kwa kujadili mambo haya mbele ya mtoto kana kwamba hayupo. Wajomba na ma-ami wanakaa chini ya mwembe wakigawana watoto: huyu aende Nakuru, huyu abaki kwa nyanya, yule mdogo achukuliwe na shangazi. Mtoto amesimama nyuma ya nyumba anasikiliza. Uamuzi ukifanywa, aketishwe na kuambiwa atalala wapi, na nani, atasoma shule gani, na atawaona ndugu zake lini. Panapowezekana, ndugu wasitenganishwe. Kama uamuzi bado, aambiwe hivyo, pamoja na mipango ya wiki hii: "Hadi shule zifunguliwe mtakuwa hapa kwa nyanya, nyote."

Kuna pia maneno mawili ambayo tungependa yatoweke kabisa kwenye matanga yetu. Mvulana wa miaka kumi na miwili hushikwa bega na kuambiwa, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii, usilie." Msichana wa umri huo huambiwa, "Wewe ndiye mama wa hawa wadogo." Anayesema anadhani anamtia moyo. Mtoto anayesikia anachukua kazi. Msichana anaanza kuamka saa kumi na moja kuwasha jiko, mvulana anaanza kufikiria kuacha shule atafute vibarua, na wote wawili wanaacha kulia kwa sababu wazazi hawalii mbele ya watoto. Hakuna mtoto aliye baba wala mama wa nyumba. Nyumba ikikosa mzazi, mtu mzima atafutwe.

Mtoto aliye bwenini

Hili ni jambo letu hasa sisi Wakenya, tulio na maelfu ya watoto katika shule za bweni. Mtindo uliozoeleka ni huu: mwanafunzi anaitwa ofisini katikati ya somo, anaambiwa achukue sanduku lake, kuna mjomba anamngoja langoni. Akiuliza kuna nini, anaambiwa ni mambo ya karo, au mama yake anataka kumwona. Safarini kila mtu yuko kimya. Anajua kuna jambo baya, na anapiga hesabu ni nani. Ukweli anaupata mwenyewe anapoona hema nyumbani kwao, watu wengi na moto mkubwa uani.

Vijana walioupata msiba kwa njia hiyo wanaweza kukusimulia safari hiyo miaka mingi baadaye, kila kituo cha basi, na mara nyingi kinachowauma ni kwamba mtu waliyemwamini aliwadanganya saa nzima nzima. Baada ya hapo, kila wanapoitwa ofisini moyo unaruka.

Njia iliyo bora haigharimu chochote. Familia impigie simu mwalimu mkuu na kumweleza ukweli wote. Mtu wa karibu na mtoto, si dereva wala jirani, aende kumchukua. Wapewe chumba chenye faragha shuleni, na mtoto aambiwe pale pale, akiwa ameketi, mwalimu anayemzoea akiwepo. Aachwe alie kabla ya kupanda gari. Rafiki yake mmoja amsaidie kufunga sanduku. Kama mazishi ni siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi ya Waislamu, na shule iko mbali mno asiweze kufika, asifichwe hadi likizo. Aambiwe, aruhusiwe kuja hata kwa siku mbili, na apelekwe kaburini na mtu atakayemsimulia mazishi yalivyokuwa, nani alikuja, nini kilisomwa.

Simu za mkononi zimeongeza haraka ya jambo hili. Picha ya marehemu ikishawekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo pamoja na maneno ya rambirambi, haichukui nusu saa kabla ya mtoto mwenye simu, au rafiki yake, kuiona. Watoto waambiwe kwanza, ndipo tangazo lisambazwe.

Siku ya mazishi

Je, mtoto aende mazishini? Wazazi wengi huuliza, na jibu letu ni kwamba aulizwe mwenyewe baada ya kuelezwa atakachokiona. "Kutakuwa na jeneza. Baba atakuwa ndani, lakini hatasikia wala kuona. Watu watalia kwa sauti, hata mama. Jeneza litashushwa kaburini, na watu watatupa udongo." Mtoto aliyeelezwa hivyo huwa mtulivu kuliko aliyeshtukizwa. Akisema hataki, asilazimishwe. Akisema anataka, asizuiwe kwa sababu tu ni mdogo.

Mpe mtu mzima mmoja wa kukaa naye siku nzima, ambaye hana kazi nyingine na ambaye hajalemewa na msiba. Mjane hawezi kufanya kazi hiyo. Rafiki wa familia au mwalimu wa shule ya Jumapili au ya madrasa anaweza. Kazi yake ni kumshika mkono, kumjibu, kumtoa nje akichoka, na kuhakikisha amekula. Katika jamii zenye desturi ya kuutazama mwili, mtoto asisukumwe kuugusa wala kuubusu. Na panapofanyika disko matanga usiku, basi huyo mtu mzima ana kazi nzito zaidi, hasa kwa wasichana. Tumelizungumza jambo hilo mara nyingi kwenye mabaraza na halihitaji kurefushwa hapa.

Mtoto anaweza pia kupewa nafasi yake ndogo: kuchagua picha ya kuwekwa kwenye wasifu, kuchora au kuandika kitu cha kuweka kaburini, kupanda mti. Katika wasifu nyingi watoto huwa mstari mmoja tu, "ameacha mjane na watoto wanne." Wape hao wanne sentensi moja moja yao, kwa maneno yao.

Ugonjwa unapokaa nyumbani

Si kila mtoto mwenye huzuni amefiwa. Wengine wanaishi na mama anayepelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, au baba aliyepooza baada ya kiharusi, au wao wenyewe wanaugua selimundu, kisukari, kifafa au saratani. Huzuni ya nyumba hizi hairambirambiwi. Hakuna anayechanga, hakuna anayekuja na sukari na unga.

Kanuni ni ile ile. Mtaje ugonjwa kwa jina lake. Mtoto anayeona mama anapungua na nywele zinanyonyoka, kisha akaambiwa "mama ana malaria kidogo," anajua anadanganywa, na anachokiwazia peke yake huwa kibaya kuliko ukweli. Mwambie ugonjwa unaitwaje, matibabu yatafanya nini kwa mwili wa mama, na nini kitabadilika nyumbani. Akiuliza kama mama atakufa, na hali ni mbaya, usikatae moja kwa moja. "Mama anaumwa sana. Madaktari wanafanya wawezalo. Jambo likibadilika, mimi nitakuambia, hutasikia kwa mtu mwingine." Kisha uitimize ahadi hiyo.

Mwangalie pia mtoto anayeuguza. Wapo watoto wa shule za msingi wanaomwogesha mzazi, wanaopika, wanaokumbuka saa za dawa, na wanaofika darasani saa nne wakachapwa kwa kuchelewa. Kusaidia nyumbani ni malezi mema. Kubeba uuguzi wote ni jambo jingine, na mhamasishaji wa afya ya jamii anapotembelea nyumba yenye mgonjwa anafaa kuuliza, "Nani anamhudumia usiku?" Jibu likiwa ni mtoto, familia hiyo inahitaji msaada upesi.

Kwa mtoto mgonjwa mwenyewe, uongo mdogo ndio unaoharibu. Mzazi anasema sindano haitauma, inauma, na kuanzia siku hiyo mtoto analia akiona lango la hospitali. Sema, "Itauma kidogo kama kuumwa na siafu, hesabu hadi kumi na nitakushika." Mwenye selimundu ajue kwamba maumivu yakimpata si kwa sababu alikuwa mtundu. Mwenye kisukari cha utotoni ajue kwamba hakukipata kwa kula peremende.

Kuhusu watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 likishauri kwamba watoto wa umri wa shule, miaka 6 hadi 12, waambiwe hali yao, na wale wadogo zaidi waambiwe hatua kwa hatua kadiri wanavyoweza kuelewa. Wazazi wengi huahirisha kwa kuogopa mtoto atawaambia wenzake au atawalaumu. Kinachotokea ni kwamba mtoto anafika miaka kumi na minne akimeza vidonge kila jioni "vya kifua," siku moja anasoma jina la dawa kwenye simu ya rafiki, na anaacha kuzimeza. Wahudumu wa kliniki wana uzoefu wa mazungumzo haya. Waombe mpange pamoja siku na maneno.

Kuna zana moja rahisi iliyotoka kwa majirani zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kina mama wa Uganda wanaoishi na virusi hivyo, kupitia chama chao cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Ndani waliandika mtoto alizaliwa wapi na siku hiyo ilikuwaje, alianza kutembea lini, babu na nyanya ni nani, desturi za ukoo, mambo ambayo mama aliyapenda. Wakati huo kulikuwa na matarajio kwamba kina mama hao wangekufa mapema, na vitabu vilikuwa vya kuachwa nyuma. Lakini kukaa pamoja na kuandika kulifungua mazungumzo yaliyokuwa yamefungwa, ukiwemo ugonjwa wenyewe. Daftari la kurasa 48 linatosha. Linaweza kuandikwa na mgonjwa, au na shangazi baada ya kifo, na mtoto akaongeza picha na michoro yake. Kwa mtoto aliyefiwa akiwa mchanga, daftari hilo huwa ndilo baba pekee anayemjua.

Na usimsahau yule mzima. Katika nyumba yenye mtoto mgonjwa, ndugu yake anajifunza haraka kutoomba kitu. Hasumbui, alama zake ni nzuri, kila mtu anamsifu. Mara moja kwa wiki, mpeleke yeye peke yake hata sokoni tu.

Darasani

Mwanafunzi anarudi shuleni Jumatatu. Mwalimu wa darasa amwone kabla ya kengele, ampe pole kwa jina la marehemu, na amuulize: "Ungependa wenzako wajue? Ungependa niwaambie mimi au wewe?" Asitangazwe gwarideni bila ruhusa. Wakubaliane ishara, kwa mfano kuweka kalamu nyekundu juu ya dawati, ya kuomba kutoka nje dakika tano bila kueleza.

Chunga kazi za darasa. Insha ya "Mama yangu" au "Siku ambayo sitaisahau" inaweza kumkuta mtoto hajajiandaa. Mwambie mapema na umpe mada nyingine akitaka. Kazi ya nyumbani inayotaka mzazi ashiriki ielezwe kama kazi ya kufanywa na mtu mzima wa nyumbani. Siku ya wazazi kutembelea bweni, hakikisha kuna mtu anayekuja kwa ajili yake, au mwalimu aketi naye wakati wa chakula.

Alama zitashuka, na hilo si uvivu. Huzuni hula uwezo wa kukumbuka na wa kutulia. Vijana wa Sekondari Msingi na wa sekondari mara nyingi hawaonyeshi huzuni kwa machozi. Huionyesha kwa hasira, kutoroka, kulala darasani, kuanza pombe au miraa, mapenzi ya ghafla, au utani usiokoma. Kabla ya adhabu, mwalimu aulize swali moja: "Nyumbani kuko vipi siku hizi?" Tarehe nazo zina uzito. Mwaka wa kwanza wa kifo, siku ya kuzaliwa ya marehemu, Krismasi au Idi ya kwanza bila yeye. Ziandike kwenye kalenda ya ofisi ya ushauri nasaha.

Huzuni inapozidi

Watoto wengi waliofiwa hupona polepole wakiwa na ukweli, mlezi wa kudumu na utaratibu wa kila siku: saa ya kula, saa ya shule, saa ya kulala. Wengine wanahitaji zaidi. Mtafutie msaada mtoto ambaye kwa wiki nyingi hali wala halali vizuri, anayeona tena na tena tukio la kifo kama linatokea sasa, aliyeacha kucheza na kuzungumza, anayejiumiza, au anayesema afadhali angekufa.

Hilo la mwisho halipuuzwi hata likisemwa kwa utani. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo, humpa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za shamba, kamba na vidonge, na umpeleke hospitalini. Familia zilizokuwa zikiogopa polisi zijue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mtoto huyo ni mgonjwa anayehitaji matibabu.

Huenda ukasema hatuna wataalamu wa kutosha wa akili, na ni kweli. Lakini upo ushahidi wa karibu nasi kwamba kazi kubwa inaweza kufanywa na watu wa kawaida. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bungoma hapa Kenya na Moshi, Tanzania, uliohusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa na dalili za kiwewe. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, ila watu wa jamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Watoto walikutana kwa makundi, walezi wao wakawa na vikao vyao, na kila mtoto alisaidiwa kusimulia kifo kilivyotokea badala ya kukikwepa. Katika sehemu tatu kati ya nne za utafiti, vijijini na mjini Bungoma pamoja na Moshi mjini, watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Kwetu sisi, hiyo ni habari kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu mwalimu na mhamasishaji wa afya ya jamii tayari tunao katika kila kijiji.

Mambo ya karatasi

Cheti cha kifo kichukuliwe mapema, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwekwe salama. Bila hivyo basari, bima ya afya na mirathi hukwama. Mzazi mgonjwa anaweza kumteua mlezi wa watoto wake kwa wosia, jambo ambalo Sheria ya Watoto ya 2022 inalitambua, sawa na inavyoitambua kafala kwa watoto Waislamu. Mpango wa Inua Jamii hulipa familia zilizosajiliwa zinazotunza mayatima Sh2,000 kwa mwezi. Ulizia usajili kwa chifu au kwa afisa wa ustawi wa jamii. Jamaa wakimnyang'anya mtoto shamba au nyumba, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Katika msiba wa mwisho mliohudhuria, nani aliwaambia watoto, na kwa maneno gani? Ukoo wako ungempa nani kazi hiyo? Shule iliyo karibu nanyi ina chumba ambamo mtoto anaweza kupewa habari za msiba kwa faragha? Katika nyumba mnazozijua zenye mgonjwa wa muda mrefu, ni mtoto gani asiyesumbua mtu yeyote?

Simu ya watoto, bila malipo, saa zote: 116. Ushauri nasaha wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo: 1199.